Uliza Fundi: Rangi ya zamani kwa mteja, pesa iliyokatwa mara mbili, na umeme unaoondoka na kazi

Habari zenu wasomaji, nawaandikia kutoka Kampala kama kawaida. Wiki hizi barua za madevelopa zimekuwa nyingi kweli, wengine ndo wanaanza, wengine wana miaka kwenye kazi lakini wanafanya peke yao huko Arua, Gulu, Mbarara, hawana mtu wa meza ya jirani wa kumwambia "ebu niangalizie hapa". Nimezisoma zote. Kitu nilichokiona karibu kwenye kila barua ni kwamba mtu amekisia siku mbili tatu, amefuta, ameandika upya, amepandisha faili tena na tena, na wakati huo wote jibu lilikuwa limekaa hapohapo kwenye brauza yake linamsubiri. Kwa hiyo leo nitasema sana "fungua hapa, soma pale". Mniwie radhi nikirudia, najua inavyouma kupoteza usiku mzima kwa kitu cha dakika moja.

Fundi, salaam. Nimetengenezea shule moja websaiti huku Gulu. Mkuu wa shule alitaka rangi itoke bluu iwe kijani. Nimebadilisha, kwangu ni kijani, yeye akifungua kwenye simu yake ni bluu. Nimepandisha faili mara tatu, bado bluu. Sasa anaona kama namdanganya na salio langu hajanipa. Nifanyeje? – Developa wa Gulu

Pole sana ndugu yangu. Kwanza tulia, kazi yako iko sawa, faili la kijani liko kwenye seva, ile kompyuta inayohifadhi websaiti. Hiyo ni kashe. Siku mkuu alipofungua websaiti mara ya kwanza, brauza ya simu yake ilichukua style.css, lile faili lenye rangi na mpangilio, ikaiweka pembeni ndani ya simu ili kesho isiipakue tena na kumlia bando, na hiyo ni kitu nzuri, hapa kwetu tunaitaka kabisa. Lakini brauza haina namna ya kujua kwamba wewe umebadilisha rangi. Jina la faili ni lilelile, muda iliopewa wa kulitunza haujaisha, itaendaje kuuliza seva?

Usinikubalie kwa maneno, jionee. Fungua hiyo websaiti kwenye Chrome ya laptopu, bonyeza F12, nenda kichupo cha Network, alafu fungua ukurasa upya. Kila faili linajipanga hapo kwa mstari wake. Angalia safu ya Size: faili lililotoka kwa seva linaonyesha uzito wake, lililotoka kwenye kashe limeandikwa "disk cache" au "memory cache". Ukiona 304 kwenye safu ya Status, maana yake brauza iliuliza seva "hii imebadilika?" na seva ikasema hapana, tumia uliyo nayo. Sasa bofya mstari wa style.css, soma Headers, tafuta Cache-Control, agizo la seva kuhusu kashe. Ukikuta max-age=604800, hizo ni sekunde, ni siku 7 kamili. Yaani seva yako yenyewe ndo imewaambia watu wakae na bluu wiki nzima.

Wewe ukiwa kazini weka tiki kwenye "Disable cache" juu hapo kwenye Network. Lakini kumbuka inafanya kazi tu wakati hilo dirisha la F12 liko wazi, ukilifunga kashe inarudi kimyakimya, na hapo ndo wengi wanachanganyikiwa. Kwa haraka ya mara moja kuna Ctrl+Shift+R.

Mkuu wa shule sasa, huwezi kumwambia abonyeze Ctrl+Shift+R kwenye simu. Kwake yeye dawa ni kubadilisha jina la faili. Kwenye HTML yako, faili la ukurasa wenyewe, palipoandikwa style.css andika style.css?v=2. Kwa brauza hilo ni faili jipya kabisa, haijawahi kuliona, lazima ilifuate kwenye seva. Kesho ukibadilisha tena weka v=3. Kama unatumia zana ya kujengea websaiti kama Vite basi ukijenga kwa ajili ya kupandisha yenyewe inatia herufi za ovyoovyo kwenye jina la faili, na kazi ya zile herufi ni hiyohiyo, zinabadilika kila faili likibadilika.

Ila kuna mtego mmoja. Kama ukurasa wenyewe wa HTML nao umekaa kwenye kashe, simu haitaiona hiyo v=2. Kwa hiyo HTML ipe Cache-Control: no-cache. Hilo neno linadanganya watu, halimaanishi "usihifadhi", linamaanisha "hifadhi lakini niulize kwanza kabla ya kutumia". La kukataza kuhifadhi kabisa ni no-store. Ukishafanya hivyo, css na picha zenye namba unaweza kuziachia hata mwaka mzima, max-age=31536000, na mgeni akirudi websaiti inafunguka upesi bila kumlia bando. Na kama ni WordPress, angalia pia plagini ya kashe, na kama umepitisha websaiti kwa Cloudflare, huduma inayokaa kati ya seva na wageni, nao wanatunza nakala zao, safisha huko pia. Ukifanya yote hayo na bado ni bluu, nenda kichupo cha Application, sehemu ya Service workers, programu ndogo ambazo websaiti huziacha ndani ya brauza, uone kama kuna mmoja aliyebaki wa zamani, maana huyo anaweza kukaa katikati akigawa faili za mwaka jana.

Nakuambia haya kwa uchungu kwa sababu yamenikuta. Nilikuwa na kazi ya websaiti ya duka moja hapa mjini, tukapandisha bei kwenye websaiti, siku ya pili mwenye duka ananipigia simu watu wanazozana na mhudumu. Nilifika nikasimama kwenye kaunta nimeshika simu mbili, ya mteja na ya kwangu, ukurasa uleule, kiatu kilekile, moja inasema 38,000 nyingine 45,000, na yule mama mteja ananiangalia machoni anasema "sasa ya kweli ni ipi?" Alipewa kwa 38,000, na ilikuwa haki yake. Tangu siku hiyo bei kwangu haikai kwenye kashe hata dakika moja.

Kesho nenda shuleni mwenyewe. Mwambie mkuu afungue websaiti kwenye dirisha fiche la brauza yake, mbele yako. Itatoka kijani. Mweleze polepole kwamba simu yake ilikuwa imetunza picha ya zamani, sio kosa lake wala lako, alafu zungumzeni salio.

Fundi naomba msaada, nataka kuona kazi yangu kwenye simu kabla ya kuipandisha. Nimeandika localhost:5173 kwenye simu inasema haipatikani, ilhali kwa laptopu inafunguka. – Dada wa Mbarara

Dada, localhost maana yake ni "mimi mwenyewe". Ukiiandika kwenye simu, simu inajitafuta yenyewe, na ndani ya simu hakuna seva yako. Simu inataka anwani ya laptopu. Kwenye Windows fungua ile dirisha nyeusi ya amri uandike ipconfig, kwenye Linux andika ip addr, utaona namba inayoanza mara nyingi na 192.168, hiyo ndo anwani. Alafu Vite kwa kawaida haisikilizi wageni, inasikiliza laptopu yenyewe tu, kwa hiyo iwashe hivi: npm run dev -- --host. Yenyewe itakuandikia anwani ya kuweka kwenye simu, iandike yote pamoja na :5173. Windows ikiuliza kama iruhusu, kubali kwa mtandao wa nyumbani, maana hapo ndo wengi wanabofya kukataa bila kusoma na kuanza kulalamika.

Na hili wengi hawalijui: sio lazima uwe na wifi. Washa hotispoti ya simu yako, unganisha laptopu kwake, alafu simu hiyohiyo ifungue anwani ya laptopu. Data inazunguka kati ya simu na laptopu tu, haitoki nje, bando lako haliguswi kwa hizo faili. Nimefanya kazi hivyo kwenye basi la kwenda Masaka.

Kitu kikivunjika kwenye simu na hujui kwa nini, chomeka waya wa USB, washa USB debugging kwenye simu ya Android, kwenye Chrome ya laptopu andika chrome://inspect, na ile F12 unayoijua utaipata kwa ajili ya ukurasa ulio kwenye simu. Ukigusa kitu kwa laptopu kinawaka kwenye simu. Na tafadhali usiishie kwenye simu yako tu, azima simu ya mtu yenye kioo kidogo na memori ndogo, ya shangazi au ya mtu wa bodaboda wa steji yenu, maana websaiti zetu zinafunguliwa kwenye hizo.

Ssebo Fundi, nina duka la nguo mtandaoni hapa Kampala, watu wanalipa kwa MTN MoMo. Jumamosi mteja amekatwa mara mbili kwa gauni moja. Analia na mimi nalia. Kosa liko wapi? – Mwenye duka, Ntinda

Kwanza kabla ya kusoma mstari mwingine, mrudishie huyo dada pesa yake leo. Ukimaliza urudi.

Umerudi? Sawa. Hebu tufuate ile pesa hatua kwa hatua, maana nina uhakika kiasi najua ilipopotea. Mteja anabonyeza Lipa. Seva yako inatuma kwa MoMo ombi la malipo liitwalo requesttopay, na jibu linarudi: 202 Accepted. Madevelopa wengi wakiona 202 wanafurahi, wanafikiri pesa imeingia. Hapana. 202 inasema tu "ombi lako nimelipokea". Pesa haijasogea. Ndo kwanza simu ya mteja inatoa ule ujumbe wa kuweka PIN, na mteja wako labda simu iko ndani ya mkoba, labda mtandao unasuasua, ukurasa wako unazunguka tu hausemi kitu. Anasubiri. Anabonyeza Lipa tena. Seva yako inatuma ombi la pili lenye namba mpya, na kwa MoMo hilo ni deni lingine kabisa. Ujumbe wa PIN unakuja wa kwanza, anaweka, unakuja wa pili, anafikiri wa kwanza haukukubali, anaweka tena. Hapo umeshamkata mara mbili na hakuna aliyeiba.

Dawa iko kwenye ile namba ya ombi, X-Reference-Id, unayotuma nalo. Ni UUID, namba ndefu isiyojirudia, na watu wengi wanaitengeneza palepale kila kitufe kikibonyezwa. Usifanye hivyo. Oda ikizaliwa, tengeneza UUID yake, iandike kwenye databesi KABLA ya kutuma ombi lolote, na kila mtu akibonyeza tena kwa oda hiyo tumia ileile. Ukiituma mara ya pili utajibiwa 409, yaani hii tunayo tayari, na hiyo 409 usimwonyeshe mteja kama kosa, ni habari njema, inamaanisha umemwokoa. Ukiipata nenda tu kauliza hali ya malipo kwa hiyo namba. Utapata PENDING, SUCCESSFUL au FAILED. Ikiwa PENDING subiri uulize tena baada ya sekunde chache, ikiwa SUCCESSFUL ndo utoe risiti, ikiwa FAILED hapo tu ndo unaruhusu jaribio jipya lenye UUID mpya. Na mtandao ukikatika katikati hujapata jibu lolote, usihesabu kwamba imeshindikana, uliza hali kwanza. Wala usikae kusubiri ule ujumbe ambao MoMo inautuma kwenye seva yako peke yake, ukipotea njiani oda inabaki imeganda na mteja ameshalipa.

Kitufe nacho kizime kikishabonyezwa, na uandike kwa maneno ya wazi "Angalia simu yako, weka PIN, usifunge ukurasa". Lakini kuzima kitufe ni adabu tu, sio ulinzi, maana mtu anaweza kufungua ukurasa upya. Ulinzi uko kwenye databesi. Ukitaka kuona anachokiona mteja, fungua F12, Network, kwenye kimenyu cha kasi chagua 3G, alafu jilipishe mwenyewe kwenye mazingira ya majaribio. Utashangaa ule mzunguko unavyokaa muda mrefu.

Tukiwa hapohapo, mambo matatu madogo yanayotesa watu na MoMo. Mazingira ya majaribio yanatumia EUR, ya kweli yanatumia UGX, kwa hiyo sarafu isiandikwe ndani ya msimbo wa programu, iweke kwenye faili la mipangilio, vinginevyo siku ya kuzindua utahangaika. Shilingi yetu haina senti, gauni la elfu hamsini ni 50000 na sio 50000.00, na kamwe usiihifadhi kama namba ya desimali. Na namba ya simu ni maandishi, sio namba! Ukiihifadhi kama namba ile sufuri ya mwanzo inaanguka. Watu wataandika 077, wataandika +256, wataweka nafasi katikati, wataweka vistari, wewe safisha vyote kwenye seva ubaki na umbo moja linaloanza na 256 bila alama ya kujumlisha.

Bando linaniisha kwa npm install, ile amri ya kushusha paketi za JavaScript. Kila mradi mpya ni mamia ya MB. Wenzangu mnaishije? – Mwanafunzi, Arua

Tunaishi kwa kubana, mdogo wangu. Paketi ulizoshusha jana npm imezitunza kwenye laptopu, kwa hiyo sema npm install --prefer-offline, itatafuta kwanza ndani kabla ya kwenda nje. Acha ile tabia ya kufuta node_modules, folda ya paketi hizo, kila kitu kikigoma. Na package-lock.json usiifute, ndo inayofanya matoleo yawe yaleyale, ukiifuta yanashuka mapya na bando linaondoka. Ukiweza hamia pnpm, mbadala wa npm, inaweka nakala moja ya kila paketi kwa laptopu nzima na miradi yote inashirikiana, hata diski itapumua.

Ukichukua mradi wa mtu kutoka GitHub, mahali watu wanapoweka kazi zao mtandaoni, kwa kuusoma tu, tumia git clone --depth 1, unapata hali ya leo bila historia yote ya miaka. Maelezo ya kusoma weka kwenye laptopu siku ukipata wifi ya bure: devdocs.io ina sehemu ya kuhifadhi ili usome bila intaneti. Mimi nilijifunza thamani yake Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi. Wenye maelezo yao ndani ya laptopu waliendelea kuandika. Na kwenye Windows weka hotispoti yako iwe "metered connection" isije ikajishushia maapdeti usiku.

Alafu ugeuze hilo swali upande wa pili. Bando linalokuuma wewe linamuuma na anayefungua websaiti yako. Hapa Uganda tulilipa shilingi 200 kwa siku kuingia mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, ikaondolewa 2021 ukaja ushuru wa asilimia 12 kwenye data yenyewe. Sasa wewe unaweka picha ya MB 4 iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera, kwenye nafasi ya upana wa kiganja. Ipunguze upana hadi pikseli 1200 au chini, igeuze iwe WebP, aina ya picha nyepesi, kwa squoosh.app, kazi inafanyika ndani ya brauza yako, picha haitumwi kokote. Mara nyingi itashuka chini ya KB 200 na macho hayaoni tofauti. Picha za chini kwenye ukurasa zipe loading="lazy" zishuke mtu akifika. Ile ya juu kabisa usiipe, utaichelewesha bure. Na chini kabisa ya Network kuna jumla ya uzito wa ukurasa wote. Isome kila siku kabla hujalala.

Umeme ulikatika na betri ya laptopu yangu imekufa kitambo. Kuwasha, Git inasema "object file is empty" na haifanyi kitu chochote. Nimepoteza kila kitu? – Mwenye huzuni, Jinja

Hapana, usilie, na usifute chochote! Umeme ulikatika Git, ile programu inayotunza historia ya kazi yako, ikiwa katikati ya kuandika, likabaki faili tupu ndani ya folda ya .git. Lakini faili zako za kazi, zile unazoziona kwenye mradi, hazikai huko. Fanya hivi: nakili folda nzima kwanza uiweke pembeni kama ilivyo. Kama ulikuwa unapushi (unatuma kazi) kwenye GitHub, clone (nakili) upya mahali pengine, alafu chukua faili zako za kazi kutoka kwenye ile ya zamani, zote isipokuwa folda ya .git, zimwage juu ya ile mpya. Andika git status, itakuonyesha ni nini kilikuwa hakijatumwa, komiti (hifadhi kwenye historia), pushi, umemaliza. Kama hukuwahi kupushi popote, hapo historia inaweza kuwa imeumia, lakini kazi ya leo bado unayo.

Wanaotumia kihariri cha VS Code wana kitu kingine kimekaa bure: kwenye orodha ya faili, chini, kuna Timeline. Tangu 2022 inatunza nakala kila unapohifadhi faili, hata kama hujagusa Git. Bofya, linganisha, rudisha. Na washa Auto Save, kwa umeme wetu huu hakuna sababu ya kuizima.

Msomaji mwingine kutoka Mbale yeye aliandika git reset --hard, amri inayofuta mabadiliko, kwa mkono wake mwenyewe, umeme haukuhusika. Andika git reflog. Hapo kuna kila mahali ulipopita, hata komiti ulizofikiri umezifuta, nazo kwa kawaida zinakaa angalau siku 30. Chagua ile ya kabla ya ajali, andika git branch okoa na namba yake. Ila ulichokuwa hujakomiti wala kufanyia git add, Git haikuwahi kukiona, na haiwezi kukurudishia. Ndo maana mimi nakomiti kila nikisimama kuchemsha chai, hata kama haijakamilika, naandika "nusu" nakwenda.

Nimepandisha faili la .env lenye funguo za siri kwenye GitHub, nikalifuta baada ya dakika kumi. Niko salama? – M., Fort Portal

Hauko salama. Ukilifuta limebaki kwenye historia, na kuna programu zinazozunguka zikitafuta funguo usiku na mchana. Badilisha funguo zote SASA, acha kusoma, alafu ndo uweke .env kwenye .gitignore, orodha ya faili ambazo Git isizichukue.

Oda za saa saba usiku zinaonekana ni za jana yake. – Mwenye mgahawa, Entebbe

Seva yako inahesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele. Kwa hiyo kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa, kwake bado ni jana. Usiibadilishe seva. Hifadhi kwa UTC hivyohivyo, alafu wakati wa kuonyesha na wa kujumlisha mauzo ya siku tumia Africa/Kampala.

Fundi, tunatengeneza websaiti ya hadithi za Kiganda kwa watoto. Kwenye laptopu yangu "eŋŋoma" iko sawa, ikipanda kwenye seva inakuwa "eÅ‹Å‹oma". Watoto wanaisomaje hiyo? – Mwalimu, Masaka

Mwalimu, asante kwa kazi hii, naomba sana muimalize. Hiyo Å‹ ni alama ninayoifahamu. Ŋ yetu katika UTF-8, mpangilio wa kompyuta wa kuandika herufi, inaandikwa kwa baiti mbili, na mtu hapo njiani amezisoma kila moja kama herufi yake, kwa ule mpangilio wa zamani wa Windows. Tafuta huyo mtu ni nani. Fungua F12, Network, bofya ukurasa wenyewe, soma Response. Kama hapo ŋ iko sawa lakini kwenye skrini imeharibika, brauza ndo haijaambiwa: weka <meta charset="utf-8"> juu kabisa ndani ya head, na uhakikishe seva kwenye Content-Type haisemi kitu tofauti. Kama kwenye Response imeshaharibika, basi mara nyingi ni databesi au muunganisho wake. Kama databesi ni MySQL, jedwali liwe utf8mb4 na muunganisho wenyewe uwe utf8mb4, vyote viwili. Ile iitwayo utf8 tupu inaishia baiti tatu, ŋ itapita lakini mtoto akiweka kauso ka kucheka kwenye maoni kitagoma. Kama hadithi mlizitoa kwenye Excel, zihifadhi upya kwa chaguo la "CSV UTF-8", mara nyingi uharibifu unaanzia hapo. Na kabla hujasahihisha zilizoharibika chukua nakala ya databesi yote, maana ukisahihisha mara mbili zinaharibika zaidi.

Andika pia lang="lg" kwenye ukurasa, ili brauza ijue ni Luganda. Alafu ujaribu fonti kwenye simu ya zamani ya mzazi mmoja hapo shuleni. Kuna fonti nzuri tu ambazo hazina ŋ, simu inaiazima kutoka fonti nyingine na inakaa nene au imepinda katikati ya neno. Ukiona eŋŋoma na eŋŋaali zimekaa sawasawa kwenye hiyo simu, niandikie, nataka nizisome na wanangu.